Shikamoo ya Mkorosho

Baba yangu akilewa alikuwa anausalimia mkorosho. Si kila mkorosho. Ni ule mmoja mkubwa ulio kwenye kona ya kiwanja chetu pale Mnyambe, wenye tawi lililoinama mpaka karibu na ardhi. Anakuja jioni, hatua mbili mbele, moja pembeni, anasimama, anavua kofia yake ya kijani, anaibana kifuani, anasema, "Shikamoo mzee." Halafu anasubiri. Baba akilewa alikuwa na adabu kuliko watu wengi wasiolewa. Bila marahaba haendi popote.

Mdogo wangu ndiye aliyegundua dawa. Alikuwa na miaka sita, darasa la kwanza, jino moja la mbele halipo. Jua likianza kulegea anakwenda kujificha nyuma ya lile shina, na akisikia shikamoo anajibu kwa sauti nzito aliyoikoroga mwenyewe, "Marahaba. Nenda kalale." Baba anavaa kofia, anasema, "Asante mzee," anaingia ndani kama mtu aliyepewa ruhusa ya serikali. Karibu kila jioni mchezo ni huohuo. Mimi nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma. Mama alikuwa hacheki.

Mimi nasoma kidato cha tatu, Newala mjini. Shuleni kama kuna kicheko mahali ambapo hakitakiwi, walimu hawaulizi ni nani, wananiita moja kwa moja. Nimeshamwigiza mkuu wa shule akipiga chafya. Nimeshamwigiza padri akitafuta miwani aliyoivaa. Kwenye mahafali ya kidato cha nne nikaona niwape kitu kipya, nikamwigiza baba. Kofia kifuani, hatua mbili mbele, moja pembeni, nikausalimia mlingoti wa bendera na kuusubiri ujibu. Wazazi walicheka mpaka wengine wakashuka kwenye viti. Haikupita wiki, hata watoto wa Mnyambe walikuwa wanatembea hivyo njiani wakienda dukani. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Nataka ijulikane kwamba mwendo ule niliusambaza mimi. Nikianza kuwasema wengine hapa chini, na nitawasema, asije mtu akafikiri nimejisahau.

Sasa hiyo pombe. Huku kwetu bibo, lile tunda linaloshika korosho, halitupwi. Linakamuliwa, maji yake yanachachushwa, kisha yanapikwa kwenye pipa yawe nipa, kali kama betri ya gari. Nipa ya baba haikutoka kwa adui. Ilitoka nyuma ya jiko letu. Mama alikuwa anapika na kuuza, baba alikuwa ananywa ya nyumbani ikipatikana, ikifichwa anakwenda kwa majirani waliofundishwa kupika na mama huyohuyo. Na sisi watoto tulikuwa wafanyakazi. Tulikuwa tunaokota mabibo, tunayakanyaga, na kazi kubwa kuliko zote, tunachota maji.

Nipa haipatikani bila maji. Mvuke unatoka kwenye pipa, unapita kwenye bomba, na bomba lazima lilale kwenye beseni la maji baridi. Maji yakipata moto unamwaga, unaleta mengine. Na Newala kila mtu anajua habari ya maji. Tuko juu, maji yako chini bondeni, mota ikiharibika mnakaa wiki nzima mkitazama bomba la mtaa kama mnatazama picha ya marehemu. Sisi tulikuwa tunaoga kwa kikombe, bomba la nipa linaoga mara tatu kwa siku. Mdogo wangu alikuwa na dumu lake la lita tano, la njano, amelifunga kamba. Alikuwa halitoi kwa mtu.

Korosho za mwanzo zilipoanza kuanguka, tumbo la baba likavimba na macho yakawa ya njano kama bibo lililoiva. Wakampeleka hospitali Masasi. Nilikuwepo kituoni, na mdogo wangu pia. Baba alikuwa amekaa kwenye dirisha la basi, ameshavaa lile shati lake la buluu lisilo na kifungo cha pili, hajaonja pombe siku hiyo, anatetemeka. Akamwambia mdogo wangu, "Nikirudi nitamsalimia mzee wetu. Uwe palepale."

"Nitakuwepo," mdogo wangu akasema.

Wiki haikuisha, baba akafa.

Kwetu, mjomba akisema, baba mwenyewe akiwa hai ananyamaza, sembuse amekufa. Mjomba wangu, kaka yake mama, alifika asubuhi ileile habari ilipotufikia, akatukusanya sebuleni, akasema mambo mawili. La kwanza, marehemu ameuawa na presha. La pili, mtoto mdogo asiambiwe.

"Huyu bado mdogo," alisema. "Akiuliza, baba yuko Masasi anatibiwa. Atasahau mwenyewe."

La presha nililielewa haraka. Nipa imekatazwa, na mtu akiitaja msibani, swali linalofuata ni nipa ya nani. Pipa lenyewe lilikuwa limefunikwa turubai nyuma ya jiko, na juu ya turubai wameanika vyombo vya msiba. Lakini hilo la pili sikulielewa siku ile na silielewi leo. Mama alikuwa anatazama mkeka. Mimi, ambaye mdomo wangu haujawahi kukosa neno, nikasema, "Sawa mjomba." Nalikumbuka hilo "sawa" kuliko vichekesho vyangu vyote.

Sasa mtani. Kwa asiyejua: ukoo wa baba una watani wao, na watani ndio wenye msiba kuliko wenye msiba. Wanakuja kufanya fujo. Wanalala njiani jeneza lisipite, wanavaa nguo za marehemu, wanamwigiza, wanasema mabaya yake yote mbele ya watu. Na mtani hakasirikiwi. Hiyo ndiyo sheria. Akikutukana unacheka, na wewe ukimtukana anacheka.

Aliyekuja alikuwa mama mmoja kutoka Masasi, mrefu, mabega ya mwanaume, kicheko cha kupasua sufuria. Alinikuta jikoni namenya mihogo.

"Wewe ndiye fundi wa baba yako?"

"Fundi wa nini? Shikamoo."

"Marahaba. Wamenipa shati lake na kofia. Mwendo sina. Nimesikia wewe unao."

Nikasimama na kisu mkononi, nikamwonyesha. Tena kwa raha. Nilikuwa sijacheka siku mbili. Nikamrekebisha, "Kofia kifuani mtani, si tumboni. Hatua ya pembeni iwe moja tu, ukizidisha unakuwa mlevi mwingine." Akarudia mpaka akaupata, na sauti pia. "Halafu unasalimia ule mkorosho wa pale kona," nikamwambia. "Unasubiri."

Nilichosahau ni kilichokuwa kinakaa nyuma ya ule mkorosho.

Mdogo wangu alikuwa amepelekwa nyumba ya tatu tangu asubuhi, amepewa chapati na mpira, ameambiwa kwetu kuna sherehe ya wakubwa. Mtoto gani wa miaka sita ataambiwa kuna sherehe aikose? Alitoroka, akapita kwenye mihogo, akafika mahali alipozoea.

Jeneza lilikuwa limetoka, watu wamejaa kiwanjani, padri anasubiri na kitabu chake. Mtani akajitokeza na shati la buluu, kofia ya kijani, gambuti za baba, mgongo ameugeuzia kona. Hatua mbili mbele, moja pembeni. Watu wakaanza kuguna, kisha kucheka, hata padri aliuma mdomo. Mama mwenyewe alifunika uso na khanga na nikaona mabega yanacheka. Mtani akageuka, akafika kwenye mkorosho, akavua kofia, akaiweka kifuani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nenda kalale."

Kile kicheko kilikatwa kama kamba. Mdogo wangu akatoka nyuma ya shina mbio, hata hakutazama juu, akakumbatia lile paja na shati. "Baba, nilikuwepo. Si nilikuwepo?"

Mtani alikuwa na muda wa kufanya jambo moja la maana, kupiga magoti na kumwonyesha uso wake. Hakufanya. Aliniambia baadaye alishikwa na woga, na mtani akishikwa na woga anaendelea na kazi. Akamwekea mkono kichwani na kusema kwa sauti ya baba, sauti niliyomfundisha mimi jikoni, "Nimerudi mara moja tu, mwanangu. Naondoka tena."

Wakamchukua mdogo wangu, wakamrudisha nyumba ya tatu. Wakazika.

Wageni wakaja kutoa pole. Wakampa mama pole, wakampa mjomba pole, wakanipa mimi pole na maneno juu yake, kwamba mimi ni mkubwa, nijikaze, nimsaidie mama. Mdogo wangu hakuna aliyempa, maana ukimpa mtu pole lazima useme ya nini. Alikuwa anapita katikati ya miguu yao. Walimpa biskuti. Na wakitoka kutoa pole, baadhi yao walikuwa wanazunguka nyuma ya jiko, turubai linafunuliwa, wanapunguza majonzi kidogo. Baba hajapoa kaburini na watu wanamnywa. Nikisema hivi naambiwa sina adabu. Sawa, sina.

Tangu siku ile kila jioni mdogo wangu alikuwa nyuma ya mkorosho. Ukimwita kula haji. Mvua ikinyesha haji. Nilimfuata siku moja, nikamwambia njoo kuna maharage, akaniambia ninyamaze, nitaharibu.

"Nitaharibu nini?"

"Siku ile nilitoka haraka. Alikuwa hajasema asante mzee. Ndiyo maana akaondoka." Alikuwa anachimba udongo kwa kidole cha mguu. "Akija tena sitatoka mpaka aseme."

Nilikwenda kwa mjomba palepale, sikupiga hata hodi.

"Mjomba, anafikiri yeye ndiye aliyemfukuza baba."

"Nani?"

"Mjomba, wewe unajua nani."

Alikuwa anachagua korosho, nzuri huku, mbovu kule. "Mpwa wangu, mtoto hana kumbukumbu. Mwache tu. Likizo ikifika nitamchukua akakae kwangu, atasahau."

"Na akikuuliza huko kwako?"

"Baba yuko Masasi."

"Mpaka lini? Mpaka aoe? Atamwalika harusini?"

"Unaona," akasema, "wewe kila kitu kwako ni mzaha." Akaendelea kuchagua korosho zake.

Hapo ndipo nilipoona ubaya wa kazi yangu. Miaka yote nimechekesha watu, na nilipopata neno la kweli hakuna aliyelipokea. Shuleni nako ilikuwa hivyohivyo. Kijana mmoja wa darasani kwetu, wala si mbaya, aliniambia mapumzikoni, "Tupe ule wa baba yako basi, tumechoka na hesabu." Nilimpiga na kifutio cha ubao. Nikapewa adhabu ya kufyeka nyasi, na wakati nafyeka wenzangu walikuwa wanacheka dirishani, wakidhani hiki nacho ni kichekesho na mwisho wake mzuri unakuja.

Arobaini ikafika. Mtani akaja mapema, amebeba mfuko, na mimi nilikuwa namsubiri barabarani. Sikumpa hata shikamoo. Nilimwambia yeye ni fisi aliyevaa nguo za watu. Nilimwambia sura yake kama gambuti alizovaa. Nilimwambia kama ana haya arudi Masasi kwa miguu.

Alicheka. Alicheka mpaka akaweka mfuko chini. "Endelea, endelea, wewe utakuja kuwa mtani mzuri."

"Sitanii."

"Na sura ya gambuti je? Huo si utani?"

"Mtani, sitanii," nikasema, na sauti ikanikatika katikati, kitu ambacho nilikuwa sijakiruhusu tangu msiba. "Anakaa nyuma ya mti kila siku. Anakusubiri wewe. Anafikiri wewe ni baba, na amekukosea."

Kicheko kilimtoka usoni polepole. Akatazama mfuko wake. Ndani kulikuwa na shati la buluu na kofia. Nguo alizovaa mtani ni zake, hazirudishwi, lakini alikuwa amezifua na kuzipiga pasi na kuja nazo. Hakuwa anajua kwa nini amezibeba, alisema.

"Mjomba wako amekataza."

"Wewe unamwogopa mjomba? Si watani mnasema kila kitu?"

Akafikiri. "Twende," akasema.

Tulimkuta mdogo wangu anapanga mabibo mstari. Tukamshika mkono, mmoja huku, mmoja kule, tukashuka naye makaburini, si mbali, ni kupita mikorosho ya jirani. Mama alituona kutoka jikoni. Alisimama mlangoni, akatuacha tupite.

Kwenye kile kichuguu cha udongo mwekundu mtani akafungua mfuko, akavaa shati juu ya gauni lake, akavaa kofia. Mdogo wangu akarudi nyuma hatua moja. Mtani akapiga magoti mpaka nyuso zao zikalingana.

"Nitazame. Mimi ni nani?"

Mdogo wangu akamtazama sana. "Mtani," akasema.

"Siku ile nani alisema nimerudi?"

Mdogo wangu akanyoosha kidole, akaigusa kofia.

"Nilisema mimi. Nilidanganya. Baba yako hakuwa amerudi." Akavua shati, akalikunja, akampa. "Wewe hukutoka haraka. Ulifanya vizuri kabisa."

Halafu akanitazama, maana kilichobaki kilikuwa changu. Nilikuwa nimekipanga tangu barabarani, kwa upole, na maneno ya kanisani. Yote yakapotea.

"Baba amekufa," nikasema. "Alifia kule Masasi. Siku ile tulikuwa tunamzika. Yuko hapa chini. Hatarudi, hata jioni moja."

Aliuliza kama baba anaweza kupumua huko chini. Nikamwambia hapumui, na haumwi tena tumbo. Akauliza nani kamuua.

"Nipa."

"Hii yetu?"

"Hii yetu."

Akafikiri. Nikaona linakuja, nikashindwa kulizuia. "Ile niliyokuwa naletea maji?"

Mimi ningetaka wale wote waliosema atasahau wawepo pale. Mjomba, wageni wa biskuti, wanaopunguza majonzi nyuma ya jiko, wote wasimame kwa mstari kama mabibo yake na waitazame sura ile ya miaka sita ikijihesabia madumu.

"Sikiliza," nikamwambia. "Maji yako hayakuua mtu. Wewe ulitumwa, na mimi nilitumwa. Baba alikuwa mgonjwa wa pombe, na wakubwa walijua, wakanyamaza. Mtu mdogo hawezi kumuua baba yake kwa dumu la lita tano. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Rudia."

"Maji yangu hayakuua mtu," akasema, kisha akalia, kilio kirefu chenye kamasi, cha siku arobaini. Mtani akalia naye kwa sauti kubwa kuliko yake, mpaka mtoto akanyamaza na kumtazama kwa mshangao.

Alipomaliza akavaa lile shati, likamfika miguuni. "Dada," akasema, "tembea kama baba nione."

Nikaona aibu. Lakini aliomba, nikachukua kofia. Hatua mbili mbele, moja pembeni.

"Siyo huo. Ule wa asubuhi."

Nikasimama. Mwendo wa asubuhi. Nilikuwa nimemwigiza baba mbele ya shule nzima, nimewafundisha watoto wa kijiji, nimemfundisha mtani, na wa asubuhi sikuwa nao. Sikuwahi kuutazama, haukuwa unachekesha.

"Huujui," mdogo wangu akasema, bila kunisuta, kama mtu anayegundua mwenzake hajui kufunga kamba za viatu. Akanipokonya kofia, akaivaa mpaka masikioni, akaweka mikono nyuma, mkono mmoja umeshika kifundo cha mwingine. Akaanza kutembea kurudi nyumbani. Taratibu, kifua mbele, shati linaburuta. Kila akikuta bibo njiani analisukuma pembeni na ubavu wa mguu, polepole, lisikanyagwe. Na hapo nikamwona baba, mzima, anakwenda shambani, mtu niliyeishi naye na sikumjua.

Mama alikuwa nyuma ya jiko na beseni la maji mkononi, mjomba amesimama kando anaonyesha wapi pipa likae, maana wageni wa arobaini walikuwa wameanza kufika. Mama aliuona ule mwendo unatokea kwenye mikorosho. Beseni akaliweka chini, akakaa palepale kwenye majivu na kitenge chake kipya.

"Huyu nani kamfundisha hivi?" mjomba akauliza.

"Baba," mdogo wangu akasema. "Kabla hajafa kwa nipa." Akapita mbele yake, mikono nyuma, akalifuata beseni, akachota kikombe kimoja, akanywa, akampelekea mama kilichobaki.

Mjomba alinitazama mimi. Nikamtazama na mimi. Nilikuwa na vichekesho kama saba tayari mdomoni, na sikumpa hata kimoja.